Nyumba Yenye Kesi

Nimechoka na neno "udhuru". Jaji ana udhuru, wakili mwenzangu ana udhuru, shahidi yuko msibani. Natoka ofisini Posta na joho mkononi, jasho hadi kisogoni, kumbe naenda kupangiwa tarehe nyingine tu.

Kesi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ya nyumba moja ya zamani Kariakoo, iliyobanwa na maghorofa pande zote. Mteja wangu, mama mtu mzima, alizaliwa humo. Kaka yake, msimamizi wa mirathi ya baba yao, alikuwa ameshasaini kumuuzia tajiri mmoja. Mama akafungua kesi, mahakama ikazuia nyumba isiuzwe wala kubomolewa mpaka hukumu itoke. Na muda wote huo ndugu hao waliishi humo humo, vyumba vinatazamana, na mahakamani walikuja kwa bajaji moja.

Kila ilipoahirishwa nilitoka nimenuna, nikaanza kumwomba mama radhi.

"Alhamdulillahi," alikuwa akijibu, akitengeneza mtandio wake.

Siku moja nikachachamaa. "Mama, hivi unataka kushinda au hutaki?"

"Kushinda siwezi, mwanangu. Si umeniambia mwenyewe?" Kweli nilimwambia, sheria ilikuwa upande wa kaka yake. "Mimi nataka jeneza langu litoke mlango ule, kama la baba na la mama. Nisije nikatolewa chumba cha kupanga huko Buguruni, watu wanaulizana huyu nani. Basi."

Muda wote ule nilikuwa nagombana na makarani wanipe tarehe za karibu! Nilijiona mjinga, na nikampenda zaidi.

Alifariki hukumu haijasomwa. Wachukuzi wa mizigo walisimamisha mikokoteni kupisha, jeneza likatoka mlangoni na kuingia mtaani. Kaka yake alishika mbele, analia bila kujificha.

Tuliporudi kutoka makaburini alinivuta pembeni pale barazani. Nikajua anataka kuniuliza lini tajiri akabidhiwe nyumba, na jibu nililomwandalia halikuwa zuri. Lakini yeye alikuwa ameukazia macho mlango.

"Wakili," akasema taratibu, "hii kesi haiwezi kuahirishwa tena?"