Ndevu za Kitunguu

Mwaka ule kabla ya uhuru, mwalimu wetu wa sayansi aliagiza kila msichana aoteshe kitunguu juu ya glasi ya maji. Mizizi ikishuka, tukate ncha zake, maana hapo ndipo seli hugawanyika, tuzitazame kwa hadubini na kuzichora. Atakayechora vizuri angependekezwa kwenda chuo cha ualimu, huko bara. Mimi nilikitaka chuo kile hata usingizi ukanipaa.

Nilikaa Likoni na bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Siku ya kuchora niliamka alfajiri, nikakuta kitunguu changu kipara kitupu.

"Nimekinyoa," akasema Bibi, kisu cha bamia mkononi. "Kitu chenye ndevu hakipelekwi kwa watu."

"Bibi, wallahi umeniua!"

Nilimpigia kelele kabla hata ya shikamoo. Ulimi wangu ulikuwa mrefu siku zote, lakini si kwake. Aliingia jikoni akatoka na kifuu cha nazi kimefunikwa. Ndani, kwenye maji, mizizi yangu yote imelala, na ncha zake.

Nikapanda feri nimekishika kwa mikono miwili. Shuleni tulizichovya ncha kwenye dawa, tukazitia rangi, tukaziponda chini ya kioo. Lo! Katika seli moja nyuzi za urithi zilikuwa fundo tupu. Katika nyingine zimenenepa, kila uzi na pacha wake. Kwengine zimejipanga katikati kama watu safuni msikitini. Kwengine pacha wameachana, huyu huku, yule kule. Na mwisho ukuta umepita kati, seli mbili kamili. Nilichora mpaka shingo ikaniuma. Mwalimu akaliandika jina langu kwenye barua ya chuo.

Jioni nilimwomba Bibi radhi, nikamfunulia daftari. Akaweka kidole kwenye picha ya mwisho.

"Na mama yao yuko wapi?"

"Hayupo, Bibi. Ndio hawa wawili."

"Hakufa?"

"Hakufa."

Akapapasa ukingo wa daftari.

"Mwanangu."

"Abee, Bibi."

"Nilikinyoa kusudi. Nilisema ukikosa mizizi, hutaniacha. Halafu kuitupa, mkono ukakataa."

Nilimwambia nilijua tangu asubuhi. Wallahi, sikuwa nikijua.