Darsa Iliyohamia Kwenye Simu

Namshukuru Mola aliyetupa ulimi wa kutaja na sikio la kupokea, akaniachia macho ya kusoma hata baada ya miguu kuchoka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake wote. Neema ninayotaka kuisimulia huenda ikaonekana ndogo, lakini mwenye kupewa hana budi kushukuru, na kusimulia ni namna mojawapo ya kushukuru.

Kwa miaka mingi nilisomesha darsa baada ya alasiri katika msikiti ulio karibu na nyumbani kwetu, mjini Lamu. Niliipokea darsa ile kwa mwalimu wangu, naye aliipokea kwa wake. Haikuwa ya mambo makubwa. Tulisoma adabu: haki ya jirani, namna ya kubisha hodi, namna ya kumpisha mwenye mzigo kwenye kichochoro chembamba, namna ya kusema na mtu aliyefiwa. Kisha magoti yakanikatalia, na ngazi za msikiti zikawa mlima. Tena wasikilizaji wangu wengine walikuwa wamekwenda kufanya kazi Mombasa na Bara Arabu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Siku za mwisho tulibaki mimi na mzee mwenzangu mmoja, naye alikuwa akisinzia kabla sijafika kwenye neno la pili. Nikaogopa kwamba kamba iliyopita mikono mingi itakatikia mkononi mwangu. Hilo ndilo lililoninyima raha, kuliko magoti.

Binti yangu, mwalimu wa shule anayekaa mtaa wa Wiyoni, akaniambia, "Baba, kama watu hawawezi kuja kwenye darsa, basi darsa iwaendee. Tukufungulie blogi."

"Blogi ndiyo nini?"

"Ni baraza, Baba. Ila wewe waketi kwako, na wao wako kwao."

Akanieleza kwamba msomaji yeyote anaweza kupita akasoma akaenda zake. Lakini akipenda, huandika anwani yake ya barua pepe, na kila ninachoandika humfuata mpaka kwenye simu yake bila yeye kukitafuta. Nikamwambia hao waliojiandikisha ndio ninaowataka. Mpita njia si mwanafunzi. Darsa ni ya wanaorudi.

Tulianza kwa kutangaza. Tangazo likasomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na binti yangu akalipeleka kwenye makundi ya simu. Nikakaa kungoja. Waliojiandikisha ni yeye, mumewe, na yule mzee wangu wa kusinzia.

Dada yangu mkubwa alipopata habari alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Yeye ni mwalishi. Panapokuwa na harusi, yeye ndiye hutumwa nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake, kwa kuwa katika mji wetu mtu asiyealikwa mlangoni kwake haji, na akija, huja na lawama.

"Ndugu yangu," akasema, "umetangaza kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nani aje? Watu hualikwa!"

"Lakini hii si harusi."

"Wataka watu waje au hutaki?"

Akavaa buibui lake, akamshika binti yangu mkono, wakatoka. Yaliyotokea huko nilihadithiwa na binti yangu, naye mpaka leo akiyahadithi hushindwa kumaliza kwa kicheko. Dada alibisha hodi, akaketishwa, akanywa alichopewa, akauliza hali za watu wote wa nyumba, kisha akasema, "Nimekuja kuwaalika."

"Harusi ya nani, Bi?"

"Ya ndugu yangu na simu."

"Haya makubwa! Na biriani iko?"

"Iko kila Ijumaa, lakini huliwa kwa macho."

"Inshallah, Bi, tutajiandikisha."

"Inshallah hiyo ni ya kuniondoa, naijua, mimi nimealika tangu hujazaliwa. Toa simu, jiandikishe nikikuona."

Walizunguka mtaa kwa mtaa. Na kwa kuwa hakuna nyumba hapa isiyo na jamaa mahali pengine, kila aliyealikwa alialika wengine: Pate, Kiwayu, Kiunga, Mombasa, hata Maskati. Ijumaa moja binti yangu aliponionyesha waliojiandikisha, nilisujudu sijda ya shukrani palepale juu ya mkeka, nikasahau magoti. Darsa yangu haikupata kuwa na watu wengi namna ile hata enzi ya ujana wangu.

Kumbe kualika ni kazi moja, na kumfanya mgeni abaki ni kazi nyingine. Mwezi haukupita, binti yangu akaanza kuingia akiwa na uso mzito.

"Wanajitoa, Baba."

"Kwa nini?"

"Hawasemi. Wanajitoa tu. Na waliobaki hawafungui."

Nikaongeza bidii. Nikaandika kwa utaratibu niliofunzwa. Kila waraka niliupa kichwa kilekile, Darsa ya Ijumaa, kisha nikamhimidi Mwenyezi Mungu himidi ndefu, nikamsalia Mtume, nikawaombea dua waalimu wangu, nikawatolea wasomaji salamu za kutosha, ndipo nikaingia kwenye jambo. Barua ya mtu mwenye adabu ndivyo ilivyo huku kwetu. Nikazidisha dua vilevile, na Ijumaa baada ya Ijumaa watu wakapungua kama maji ya birika lenye ufa. Nilisubiri. Sikuwa na silaha nyingine ila subira.

Jibu lilikuja kwa simu kutoka Kiunga. Alipiga Bi mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wa marehemu mke wangu, naye sasa anasomesha watoto wa kike katika chuo chake cha Kurani. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, niwie radhi, lakini ule waraka mzuri ulioniletea mara ya kwanza, mbona waniletea uleule kila Ijumaa?"

"Uleule vipi? Kila wiki naandika mpya!"

"Wallahi kwangu ni uleule. Nimeusoma wa kwanza mpaka mwisho. Hii mingine nikiona mwanzo wake nasema, huu nimeshausoma."

Nikamwita binti yangu. Akachukua simu yake, akatazama, akapiga paja. Barua ikifika kwenye simu, huonekana kwanza kichwa chake na maneno machache ya mwanzo. Basi wasomaji wangu kila Ijumaa waliona Darsa ya Ijumaa, wakaona Kila sifa njema, na mimi niliyekuwa na jambo la kuwaambia nilikuwa nimejificha nyuma ya salamu zangu. Walidhani mzee anarudia barua moja. Wengine, kwa heshima, hawakutaka kuniambia.

Jambo hili halikuwa jepesi kwangu. Tumefunzwa kwamba kazi isiyoanzwa kwa jina la Mungu haina baraka. Nitalitoaje? Nililala nalo, nikaamka nalo, na jibu likanijia kwenye sahani ya chakula. Mtu akitaka kula hupiga bismillahi kwa ulimi, kisha hutia tonge kinywani. Hawaandikii wenzake waraka mrefu kabla ya kuwapa chakula. Tangu siku hiyo nikawa natawadha, naelekea kibla, nayasema yote yale kwa sauti kabla ya kugusa kitufe chochote. Sikupunguza hata neno moja. Kwenye waraka nikaanza na jambo lenyewe, na dua nikaiweka mwisho, kama kahawa baada ya chakula.

Ikabaki habari ya kichwa. Binti yangu aliukumbuka waraka wangu mmoja juu ya punda, akawa na shauku. "Baba, andika: Hutaamini aliyoyasema punda huyu!"

"Punda hajasema kitu."

"Watu watafungua."

"Watafungua mara moja tu. Kichwa kikiahidi nyama na chungu kikawa na maji, mgeni harudi. Kichwa ni amana."

Nilikuwa nimeandika zamani kidogo juu ya wanaopakiza punda matofali kupita kiasi katika vichochoro vyetu, na hakuna aliyeusoma waraka ule. Nikautoa tena, nikauita Haki ya Punda kwa Mwenye Punda. Ijumaa hiyo mji ulizungumza. Wachukuzi waliusoma kwenye baraza kwa sauti, wakabishana mpaka magharibi. Mmoja aliniandikia kwamba punda wake amejua kusoma sasa, maana hakubali mzigo wa kupita kiasi. Nikamjibu. Nilikuwa nimeazimia kumjibu kila anayeniandikia, kwa sababu kutoa salamu ni sunna na kuiitikia ni wajibu, na mtu aliyeitikiwa hurudi. Waliokwisha kujitoa wakajiandikisha upya, wengine bila hata kualikwa, jambo ambalo dada yangu alilipokea kwa kununa.

Nilijua darsa imesimama siku niliyoshindwa kuiandika. Homa ilinilaza Jumatano, na Ijumaa ikapita kimya. Nikiwa kitandani nilijiambia watu wana shughuli zao, hawatatambua. Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Ni wachukuzi wawili, wamewafunga punda wao nje. "Mwalimu, hatukuipata darsa. Kuna kheri?" Kabla hawajaketi, Kiunga ikapiga simu: wanafunzi wote wa kike walikuwa wamekaa kungoja, na Bi yule alitaka kujua awaambie nini. Kisha ikaja sauti ya mtu wa Maskati aliyesema kwamba huko hukutana watu wa nyumba kadhaa wakasomeana, na jana walitazamana tu. Binti yangu alishika simu mbili kwa pamoja, akicheka na kulia. Mimi nilijifunika shuka usoni ili wageni wasiyaone machozi yangu, nikasema moyoni: ewe mwalimu wangu, haikukatika. Kisha nikaomba nisaidiwe kuketi, nikaandika nikiwa na homa yangu, wachukuzi wakingoja palepale chumbani mpaka nikamaliza, kisha wakataka wasomewe wao kwanza.

Nawe uliyefika hapa, Mola akupe elimu yenye manufaa na mtu wa kumwachia. Akupe wenzi watakaokuulizia ukikosekana, aifungue milango unayoibisha, na kila kheri unayoianza kwa jina lake akutimizie. Amin.