Kimya cha Shikamoo

Mama alikuwa na uvimbe kooni, na daktari hakumficha: upasuaji ukishafanyika, sauti haitarudi. Alitueleza sisi wanawe kwa utulivu ulioniudhi, kisha akanigeukia mimi, mwenye kompyuta. "Nataka wajukuu wangu waendelee kunisikia. Si ndiyo kazi yako?"

Si kazi yangu hasa. Mimi huiandikia kompyuta maagizo: chukua faili hizi, zisafishe, zipange, zifungashe. Lakini nani angebishana naye siku zile?

Basi tukakaa chumbani mwake, Mambrui, madirisha tumeyafunga ili pikipiki zisituingilie, pazia limejaa mwanga wa alasiri, Mama anasema, simu inamrekodi. Siku zile nazikumbuka kama usingizi wa mchana. Joto, harufu ya udi, sauti yake ikienda na kurudi, nami sijui niko macho au nimelala. Hadithi za sungura, dua za kulala, namna ya kupika mkate wa sinia. Na kila mjukuu na salamu yake, maana alikataa katakata kuwasalimia kwa jumla. "Kwani mimi redio?"

Kila mtoto nikamfungulia folda, na hakuna folda iliyofanana na nyingine. Huyu ana hadithi tele, yule dua tupu. Mwanzoni nilimwandikia kila mtoto agizo lake, nikanakili yale yale mpaka nikachukia. Nikayafuta yote, nikaandika agizo moja tu: unalitajia folda, lenyewe linaokota faili zilizomo, ziwe chache ziwe nyingi, linapunguza kelele, linakata kila kimya kirefu, linaziunganisha. Lo, raha iliyoje kuona kazi inajiendesha! Nikajiona bingwa.

Alasiri ya mwisho kabla ya safari ya hospitali nikamchezea salamu ya binti wa kaka yangu, anayeishi Kilifi. Simu ikasema: "Ni bibi yako. Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mama akainuka kitandani. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo gani?"

"Ya mtoto! Nilinyamaza makusudi aniamkie. Wewe umekikata kimya changu, sasa naitikia sijaamkiwa! Ala! Wajukuu watasema bibi yao hana adabu."

Nilicheka. Halafu nikaona machozi yake na kicheko kikanikauka. Kesho asingekuwa na sauti ya kurudia lolote.

Kwa bahati, agizo langu husoma folda moja na kuandika nyingine, rekodi zenyewe haliziharibu. Nikamchezea ile ya asili. Kimya chake kilikuwemo, kizima, kuku wa jirani akisikika kwa mbali. Hapo akapumua, nami nikapumua. Nikalirekebisha agizo lipokee mambo mawili: faili zipi, na kimya kikatwe au kibaki. Hadithi likate, salamu liache. Nikaliendesha upya kwa folda zote, na Mama akasikiliza salamu moja baada ya nyingine, macho kafumba. Kila kimya kilipofika alinong'ona "shikamoo" kwa niaba ya mtoto, kisha akajisikiliza akiitikia. Sikutaka folda ziishe.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Sauti haikurudi.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali, kaka yangu alimleta binti yake kumwona. Nilimtazama mtoto kwa hofu. Kwa siku kadhaa alikuwa ameizoea simu ya baba yake, anaiamkia nayo inamwitikia. Akasimama kando ya kitanda, akaweka mikono mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

Mama akafungua mdomo. Midomo ikacheza, koo likahangaika chini ya bandeji, hakuna kilichotoka. Niliumia, nikaanza kuitafuta simu niichezeshe ile salamu.

Mtoto akanishika mkono. "Shangazi, bibi ameshaitikia. Hukusikia?"

Nikamwambia nimesikia.