Mstari wa Masikio ya Mama Mkwe

Mke wangu alikataa kwenda. Alisema mama yake amemdharau mwaka mzima: akimwongelesha hageuki, akirudia kwa nguvu mama anakunja uso na kuondoka. Muuguzi wa zahanati ya Sori alikuwa ameshauri mama apimwe masikio, lakini mke wangu hakutaka hata kusikia. "Masikio yake ni mazima. Wewe ukimsemesha si anaitika? Basi mpeleke wewe."

Kaka zake wako mbali, kwa hiyo mzigo ukaniangukia mimi, mkwe, dereva wa trekta ya miwa kule Awendo. Nilimchukua mama kutoka Sori nikampeleka Homa Bay, kwenye kliniki iliyokuwa ikiandikisha watu wa kupewa vifaa vya kusikia bure wiki hiyo tu.

Kwetu Waluo, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na nikisema naye nasema polepole, kwa sauti ndogo, macho yangu yako chini. Njiani tulisemezana labda mara nne. Mara zote alinisikia vizuri. Nilifika nikiwa na hakika kwamba tunamsumbua mtaalamu wa watu bure.

Mtaalamu alikuwa binti Mwislamu kutoka pwani. Dholuo, lugha yetu, hajui, na Kiswahili cha mama ni cha kuuzia dagaa wa omena tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Mama aliketishwa katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akavishwa vipokea sauti masikioni, nikamweleza kwamba akisikia mlio, hata mdogo vipi, ainue mkono.

"Nitaanza na masafa ya chini kisha nipande," binti akaniambia. "Na katika kila masafa, nitapunguza kimo cha wimbi mpaka asisikie tena."

Niliitikia kama mtu aliyeelewa. Ziwani nimeona mawimbi tangu utotoni, lakini hayo ya kuingia sikioni yalinipita. Kwangu sauti ilikuwa kubwa au ndogo, basi. Hiki kimo kilikuwa nini, na masafa yalikuwa ya nini tena? Nikasimama nyuma ya mashine nikikodolea macho taa yake ndogo iliyokuwa ikiwaka kila mlio ulipopigwa na kuzima.

Mama aliinua mkono kila mara. Hakukosa hata mlio mmoja.

"Bibi huyu anasikia kunishinda mimi," binti akasema, akashika kalamu. "Kifaa hatapata." Kisha akanigeukia. "Baba, mbona unatikisa kichwa?"

Sikujua kwamba natikisa. Kumbe kila taa ilipowaka niliitikia kwa kidevu, na mama, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alikuwa ananitazama usoni. Aliona aibu kuonekana kiziwi mbele ya mkwe, akaamua kunakili majibu kwangu. Na mimi mjinga nikampa yote. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Niligeuzwa nikatazama ukuta, kipimo kikarudiwa. Kilipokwisha, binti alinionyesha mstari kwenye karatasi. Upande wa kushoto wa karatasi mstari ulikwenda sawa, halafu kulia ukaporomoka.

"Sasa daktari, hapo umeniacha," nikakiri.

"Masafa ni wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde," akasema taratibu. "Trekta inanguruma, masafa yake ni ya chini. Filimbi iko juu. Kimo ni nguvu ya mtikisiko. Trekta unaweza kuisikia kwa mbali ikawa ndogo, na bado ni ngurumo. Haiwi filimbi."

"Kwa hivyo mama hasikii filimbi."

"Filimbi, ndege, watoto. Sauti yako wewe ni nzito, iko huku kushoto kwenye masafa ya chini, kwa hiyo hata ukisema kwa sauti ndogo inamfikia. Mkeo ana sauti gani?"

Nyembamba. Akiimba kanisani yeye ndiye anayepanda juu kuliko wote. Nikauliza, je, akipaza?

"Akipaza anaongeza kimo tu. Bibi atasikia mtu anafoka, lakini herufi zinazobeba neno ziko huko juu, hazifiki. Kwake zote ni kelele."

Yaani mtu pekee ambaye mama anamsikia vizuri ndiye ambaye mila inamkataza kupiga naye soga? Nilitaka kubishana na ile karatasi, ila sikujua nianzie wapi.

Kifaa tuliambiwa tukifuate baada ya wiki mbili. Tulikaa nje kwenye benchi, yeye mwisho ule na mimi mwisho huu, nikitafuta jinsi ya kumweleza. Yeye ndiye aliyeanza, kwa Dholuo, akitazama upande mwingine.

"Mkwe wangu, mtoto wangu nilimkosea nini?"

"Hukumkosea, mama."

"Kila akija kwangu ananifokea. Nimeona heri niwe naondoka kabla sijamjibu vibaya. Huwa anasema nini?"

Nikasema polepole, macho chini, kwa sauti yangu hiyohiyo nzito.

"Huwa anakusalimia, mama."

Alisogea akaniomba nimwambie salamu zenyewe, zile za asubuhi na zile za jioni, nami nikamtajia moja moja, naye akaziitikia zote.