Pumzika, kwa Herufi Kubwa

Mama Faili alipopewa likizo ya wiki sita kwa ajili ya presha, aliipokea kama mtu aliyefukuzwa kazi. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameishika masjala peke yake, na aliamini bila chembe ya mzaha kwamba akikosekana siku tatu tu ofisi nzima itakwenda mrama. Daktari hakujali. Alimpiga marufuku kuiandikia ofisi hata neno moja, na mumewe akageuka askari wa zamu.

Binti yao akamletea kitu cha kumtuliza: kitambaa chenye vitundu, nyuzi, sindano, na karatasi ya miraba ya kufuatisha. Unadarizi misalaba midogo mmoja mmoja mpaka litokee neno PUMZIKA, na chini yake ndege ametua kwenye tawi.

"Polepole, mama," binti akamwambia. "Hakuna anayekukimbiza."

Maskini, kama vile hamjui mama yake! Mama Faili alijipangia misalaba mia nne kwa siku. Alianza saa mbili kamili asubuhi, na mumewe akithubutu kupiga soga kabla ya saa sita alikatwa jicho. Herufi Z ilipopinda kidogo, aliifumua mara tatu huku akiitukana. Presha ikapanda.

Alipofika kwenye sehemu ya ndege, akagoma. Ndege wa rangi saba wa nini? Halafu neno lenyewe lilimkera. Pumzika, sawa, lakini vipi? Kwenye masjala yake, agizo lisilosema litekelezweje lilirudishwa kwa aliyeliandika. Akaachana na ndege, nafasi yake akaijaza maneno mawili: KWA AMANI. Akakipiga kitambaa pasi, akakitundika ukutani, akakitazama, akaridhika.

Sasa ofisini watajuaje kwamba anapona? Neno alikatazwa, ila picha si neno. Akakipiga picha, akaituma kwenye kundi la wafanyakazi bila maelezo, akaenda kuoga.

Aliporudi alikuta jumbe sitini na tatu.

"Tumepoteza nguzo," bosi alikuwa ameandika, akimpa pole mumewe. Mhasibu, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu wagombanie feni ya ofisini, alimwita dada yake wa damu. Mama Faili akaketi kitandani na taulo lake. Alishtuka, lakini tusimsingizie, alifurahi pia. Zile sifa nono alizisoma mara mbili.

Ndipo akafika kwenye ujumbe wa msaidizi wake, msichana mpole asiyejua kudanganya. "Natamani angeona kabati tulivyolipanga upya. Siku hizi faili linapatikana ndani ya dakika mbili."

Dakika mbili! Enzi zake ilikuwa nusu saa, na lazima kwanza abembelezwe. Hilo lilimuuma kuliko kuitwa marehemu. Aliona aibu, akaona machozi yanamtoka.

Mumewe akachungulia mlangoni. "Kulikoni, mke wangu?"

"Nimekufa," akasema, "na kazi inakwenda vizuri."

Akampa simu. Mzee akasoma, akatazama kitambaa ukutani, akajishika kiuno kwa kicheko. "Sasa si uwaambie uko hai?"

Mama Faili akaichukua simu, akaizima, akajilaza na taulo lake.

"Waache kwanza," akasema. "Nitafufuka Jumatatu."