Midomo ya Watu

Nilipokuwa mtoto pale Ngonga, Kyela, nilikuwa nakula kama mwizi: haraka haraka, nimesimama, mgongo nimewapa watu. Bibi aliyenilea alidhani nina kiburi, baadaye akadhani naumwa. Ukweli niliujua peke yangu na nilikuwa tayari kufa nao, kwa sababu ukweli wenyewe ni kwamba sikuweza kuvumilia sauti ya Bibi akitafuna usipa.

Usipa ni visamaki vidogo vya ziwani, na vikikaangwa vikakauka huliwa vizima, kichwa na miiba. Bibi alivipenda mno. Kila alipouma, hasira ilinipanda, hasira ya kutaka kupindua sahani. Na huyo ndiye niliyempenda kuliko mtu yeyote duniani. Sasa mtoto wa miaka tisa aseme nini? Kwetu hata kumkodolea macho mkubwa anapokula ni utovu wa adabu, sembuse kumwambia kutafuna kwake kunakuudhi.

Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba kwenye mikakao, vidole nimevitia masikioni.

"Gwe, mtoto, unasikia nini?"

"Midomo," nikasema. Lilinitoka tu.

"Midomo ya nani?"

Nilimtazama. Kusema "yako" sikuweza. "Ya watu, Bibi."

Ningejua neno hilo litatupeleka wapi, ningeng'ata ulimi. Kwa wazee wa Kinyakyusa midomo ya watu si jambo la kuchezea. Walisema ukimkosea jirani, naye akakunung'unikia chinichini bila kukuambia, manung'uniko yale hugeuka mbepo, pumzi ya baridi inayoingia nyumbani mwako na kumpata mtoto. Bibi alikuwa mzee wa kanisa, hakukosa ibada hata mvua inyeshe, lakini hilo la mbepo hakulitilia shaka kabisa. Tena alijua ni nani angemnung'unikia. Wiki mbili nyuma bata wake waliingia kwenye kitalu cha mpunga cha jirani yetu, Mama Gwakisa, wakakimaliza.

Jumamosi yake watu walikusanyika uani kwetu. Babu mdogo, ndugu wa marehemu babu, ndiye aliyesimamia. Mama Gwakisa alikuja na kitenge kilichonyooshwa. Alikuwa mwanamke mpole, na akitoka sokoni hakunipita bila kunipa kitumbua.

"Mama," Babu mdogo akamwambia, "mtoto anasikia midomo. Kama una neno juu ya nyumba hii, litoe hapa mbele za watu. Usilale nalo."

"Sina neno, baba." Kisha akanitazama mimi, na uso ukamlegea. "Kama lipo, limetoka. Mtoto apone."

Akapewa kikombe cha maji. Alijaza kinywa, akayapuliza chini, mara tatu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Na dawa yenyewe ilikuwa bado! Kupatana hakukamiliki mpaka watu wale pamoja, kwa hiyo ukaletwa wali kwenye sinia moja, na juu yake usipa umejaa. Leo nacheka, siku ile sikucheka. Watu saba wanatafuna, mimi nimekaa katikati, na wote wananiangalia mimi. Nikikimbia, watasema Mama Gwakisa hajatoa neno lote. Nikajikaza. Nilikunja vidole vya miguu mpaka vikafa ganzi, nikala, nikameza, nikatabasamu.

"Amepona!" Bibi akapiga vigelegele.

Kupona kwangu ndiko kulikomtia Mama Gwakisa hatiani. Kama mtoto amepona mwenye neno alipolitoa, basi neno lilikuwepo. Tangu siku hiyo kinamama wenye watoto wachanga walichepuka wakimwona Mama Gwakisa njiani, na mimi nililiona hilo. Nikajifunza kula mapema kwa kisingizio cha kupakua, watu wakaendelea kuniita mtoto aliyepona, na nikanyamaza miaka ishirini na ushee. Niliona aibu, na bado naiona nikiandika haya.

Mwaka huu nikajikuta nimejifungia chooni kazini kwangu Mbeya, nalia, kisa mwenzangu anatafuna karanga. Nikaenda hospitali. Daktari wa masikio akapima akasema masikio ni mazima, akanipeleka kwa mshauri wa saikolojia, dada mmoja mdogo kuliko mimi. Nilimweleza huku nikisubiri acheke. Hakucheka.

"Inaitwa misofonia," akasema. "Ubongo unaipokea sauti ndogo kama hatari. Si kiburi, wala huna roho mbaya."

Jamani, nililia upya, lakini kilio cha kutua mzigo. Tukaanza matibabu: mazoezi ya pumzi, sauti laini ya kuweka sikioni wakati wa kula, na lililo gumu kuliko yote, kuwaambia ninaokula nao. Haijaisha, ila sasa nakula nimekaa. Kikao cha tatu mshauri akaniuliza nani mwingine aliumizwa na siri hii. Bibi alishatangulia mbele za haki; alibaki Mama Gwakisa. Jumamosi nikapanda gari la Kyela.

Mama Gwakisa amezeeka. Nilimkuta barazani anapepeta mchele. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikamwambia yote: usipa, neno lililonitoka, sinia, tabasamu la uongo. "Haikuwa mbepo, mama. Hukunifanya kitu. Nisamehe."

Aliweka ungo mapajani.

"Lakini nilinung'unika," akasema.

"Mama?"

"Asubuhi ile ya bata. Nilisimama kitaluni nikasema Mungu na amwonyeshe bibi yako. Halafu mbele ya watu nikakana. Ulipopona nikajua mdomo wangu unaweza kuua mtoto. Tangu siku ile sijamlalamikia mtu, mwanangu. Hata mtu aliposogeza mpaka wa shamba langu, nilinyamaza. Niliogopa."

Nilikuja kumwondolea hukumu ya watu, kumbe mtu wa kwanza kumhukumu alikuwa yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza. "Kweli kabisa?"

"Si wewe, mama."

"Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Akaweka ungo chini, akafuta macho kwa pindo la kitenge, akageukia upande wa shamba lake. Kisha akaanza. Alimlalamikia aliyesogeza mpaka, yeye na baba yake. Akamlalamikia mchungaji kwa mahubiri marefu, mkwewe kwa ndizi mbichi, vijana kwa pikipiki zao, mvua kwa kuchelewa. Sauti ilipanda mpaka jirani akachungulia. Mbepo sijui kama ipo, lakini najua mwanamke huyu alifungwa mdomo na neno langu, si lake. Nilikaa miguuni pake nikamsikiliza mpaka akachoka, na hakuchoka mapema.