Diwani Alipoamka Haoni

Asubuhi ile mbwa wetu aliipita sahani ya chakula chake, akaenda kuugonga ukuta wa jiko kwa kichwa. Puu!

Nikacheka. Nilidhani ni usingizi.

Akageuka, akaikanyaga ndoo ya maji ikamwagika. Akanyanyuka, akaugonga ukuta uleule.

Hapo kicheko kikakatika.

Nikamshika kichwa nikamtazama. Jamani! Macho yalikuwa mekundu, na siyo wekundu wa moshi. Mle ndani, pale penye mboni, damu imejaa kama mtu kaimimina. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa hata kidogo.

"Baba Davis! Njoo! Diwani haoni!"

Diwani ndilo jina lake. Mume wangu Filbert alimpa kwa sababu toka akiwa mdogo, ukiwa na chakula anakuja, usipokuwa nacho humwoni.

Filbert akatoka bafuni na povu la sabuni masikioni.

"Haoni vipi? Jana jioni si alikuwa anabwekea bodaboda?"

Akachuchumaa, akamwangalia. Halafu akasema neno moja tu.

"Anania."

Nikajua leo kimenuka.

Anania ni jirani yetu, anafuga kuku wa nyama. Siku si nyingi nyuma Diwani aliingia bandani kwake, akatoka na kuku mdomoni mchana kweupe, watu wanaona. Anania alifoka mtaa mzima wa pale kwetu Makambako ukasikia: "Mbwa huyo nitamkomesha!"

Sasa mbwa kakomeshwa.

Filbert akabeba mpini wa jembe. Mimi nikaning'inia kwenye shati lake, mkono mwingine nimeshika kamba ya Diwani. Tukaenda hivyohivyo, msafara wa vichaa watatu.

Anania akatoka na mswaki mdomoni.

"Kamwene."

Salamu ile ikaanguka chini, hakuna aliyeiokota.

"Umemfanya nini mbwa wangu?" Filbert akanguruma.

"Mbwa yupi? Yule mwizi?"

"Umempofusha!"

Mpini ukaenda juu. Mimi nikafumba macho nikaanza kuomba.

Nikangoja kishindo, hakikuja.

Nilipofumbua, Anania alikuwa hamwangalii Filbert kabisa. Anaangalia chini, miguuni kwa Diwani. Tone la damu lilikuwa limedondoka kutoka puani. Likafuata lingine.

Akatema povu, akachuchumaa, akauinua mdomo wa juu wa Diwani. Ufizi ulikuwa umepauka, una vidoa vyekundu kama mtu kachomwa na sindano.

"Shemeji," akaniambia mimi, maana Filbert alikuwa haambiliki, "sijui ni nini hiki, ila huyu hajapigwa. Anavuja. Mkiendelea kugombana hapa atawafia mikononi. Mpandisheni kwenye kirikuu changu cha kubebea kuku twende Njombe."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtuhumiwa anaendesha, mlalamikaji kakaa pembeni yake na mpini wa jembe mapajani, hawasemeshani. Mimi nyuma na mgonjwa, ukungu umetumeza, manyunyu yananichapa. Kigari chenyewe kinanuka kuku balaa. Nikamwambia Diwani, "Mwanangu, unaisikia hiyo harufu? Ndiyo iliyotuponza."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamama mfupi mchangamfu, Daktari Idda.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

"Diwani."

"Ana shida gani?"

"Haoni."

"Hilo kwa madiwani la kawaida," akasema, akavaa glavu.

Lakini alipommulika machoni, utani ukaisha.

Akamtoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakisimamisha mezani. Tukakaa tunakitazama wote. Muda ukaenda. Daktari akakiinamisha upande huu, akakiinamisha upande ule. Damu ikachezacheza mle ndani kama juisi.

"Mnaona? Ya mbwa mzima ingeshaganda kama uji uliopoa. Damu ya huyu haigandi. Na pale nilipomchoma bado panatoka."

Kweli. Pamba niliyokuwa nimeibana ilikuwa imelowa yote.

"Kuna ugonjwa wa kupe unaoweza kuleta mambo haya," akaendelea, "lakini mimi nahisi sumu ya panya. Ipo ya aina inayozuia damu kuganda. Mnyama anaila, anacheza na nyie siku kadhaa kama kawaida, halafu damu inaanza kutafuta pa kutokea. Kwake imeingia machoni. Mnatumia sumu nyumbani?"

"Hatutumii. Tuna paka," nikajibu.

Filbert akageuza shingo taratibu. Anania akacheka kwa uchungu.

"Mimi niweke sumu kwenye banda la kuku? Nijifilisi mwenyewe? Hebu fikiria, Baba Davis. Baada ya siku ile nilisuka banda jipya la waya, ndiko kukomesha kwenyewe."

Filbert akafikiria. Akauegemeza mpini ukutani.

"Atapona, daktari?"

"Namchoma vitamini K sasa hivi, na halali kwenu huyu, analala hapa. Tuokoe uhai kwanza. Macho tutayaongelea akiwepo."

Mume wangu ambaye kwenye msiba wa baba yake alijikaza mpaka watu wakamsema, aligeukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Aliyemshika bega ni Anania.

Daktari alipotuita kumchukua, Anania alitupeleka tena; ufizi wa Diwani ulikuwa umerudisha rangi na damu imekoma. Tukapewa vidonge vya wiki kadhaa na onyo: asirukeruke, asipigane. Kuona, bado.

Sasa sikiliza mambo.

Tumeingia Makambako, tumefika jirani na mashine moja ya kusaga nafaka. Lori la mbao linarudi nyuma, Anania akasimama. Mara Diwani, aliyekuwa kalala kama gunia, akainua kichwa. Pua juu. Mkia ukaanza kunipiga mbavuni, pa, pa, pa!

"Shemasi! Jamani, Shemasi wangu!"

Mama mmoja anakuja mbio, unga umemjaa kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Mama, samahani," nikamwambia, "huyu anaitwa Diwani."

"Diwani gani? Huyu Shemasi, mbwa wangu! Nimemtafuta mpaka njia ya Mdandu!"

"Wako?" Filbert akashuka garini.

Mama huyo anaitwa Hosiana. Mjane, watoto wote wako mbali, anaendesha mashine peke yake. Akatueleza kwamba Shemasi huja kila siku wakati wa chakula cha mchana, wanakula naye ugali, anamkamatia panya ghalani, jioni anaondoka. Yeye alijua anakwenda kuzurura.

Na sisi tulijua anakwenda buchani!

Yaani Diwani alikuwa na nyumba ndogo.

Tukaanza kucheka wote. Mama Hosiana naye anacheka, anampapasa, anasema, "Panya walituzidi, mimi na yeye, mpaka nikachanganya dawa na dagaa nikaiweka nyuma ya magunia..."

Akasita.

Akatuangalia. Akayaangalia yale macho.

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Ni mimi?" akauliza. "Ni mimi niliyemfanya hivi?"

Nikamwangalia Filbert, najua hasira zake. Akamsogelea yule mama, akachuchumaa.

"Mama, inuka. Hajafa."

Tukaingia ghalani, tukavaa mifuko ya nailoni mikononi. Nyuma ya magunia tukakuta kisahani kimelambwa kikang'aa. Tukampigia daktari, tukamsomea maandishi ya pakiti ya ile dawa. Ndiyo yenyewe. Anania akachimba shimo refu, tukafukia mabaki yote, maana pale ndipo mtaa mzima unapopata unga.

Jicho la kulia lilirudi, polepole, kama kioo kinachofutwa ukungu. La kushoto ndiyo basi. Mama Hosiana siku hizi anatumia mitego, na mchana ananipigia simu: "Mke mwenzangu, amefika salama." Mimi naye tumekuwa ndugu.

Wapenzi wasomaji, sumu ya panya haichagui panya wala mbwa, itegeni pasipofikika. Mnyama akitoka damu puani au machoni, msitafute mchawi, mwahisheni kwa daktari.

Na kama mbwa wako huwa anapotea mchana, mfuate siku moja. Huenda kuna mtu mahali fulani anamwita jina jingine, na anamhitaji kuliko wewe.